Mshono wa kifua baada ya oparesheni ya moyo: jinsi ya kuufuatilia bila kuchanganyikiwa

Siku ya tano tangu niruhusiwe kurudi nyumbani niliamka nikakuta doa kwenye fulana, dogo tu, kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya njano inayokaribia pinki. Nikakaa kitandani nimeishika ile fulana kama mtu aliyeletewa samansi. Nikamuita mke wangu, akaja na tochi ya simu, tukaupitia mshono wote kuanzia chini ya koo mpaka mwisho, na kule chini kabisa karibu na tumbo tukakuta kitobo kama cha sindano kinatoa majimaji. Siku hiyo chakula hakikupita. Kesho yake kliniki nesi akaangalia sekunde chache tu akaniuliza, "Jana kilikuaje?" Sikua na jibu. Nilikua nachungulia kila baada ya nusu saa lakini kwa woga tu, hamna nilichokua nakumbuka.

Tuanzie hapo basi. Kidonda cha kifua ukikiangalia siku moja hakikuambii kitu, unatakiwa ujue kinaelekea wapi.

Chukua simu, kila siku muda uleule, mahali palepale, ikiwezekana mchana karibu na dirisha, piga picha moja ya mshono mzima na nyingine ya ile sehemu inayokutia wasiwasi. Mwambie mtu akupigie maana ukijipiga mwenyewe unaishia kujipinda na picha yenyewe inatoka ovyo. Kama kuna sehemu imevimba au imebadilika rangi, azungushie kalamu pembeni ya hiyo rangi (kwenye ngozi nzima, sio juu ya kidonda), kesho ikivuka mstari una kitu cha kumuonyesha daktari, sio ile ya "nahisi kama imeongezeka". Andika na joto la mwili asubuhi na jioni. Na uzito pia, asubuhi ukitoka chooni kabla hujala, maana uzito ukiruka kilo moja kwa siku au mbili kwa wiki hiyo sio habari ya kidonda tena, ni maji yanajaa mwilini, nayo unapiga simu. Ukimaliza hayo weka simu chini, funga vifungo vya shati, endelea na siku yako. Kugusagusa mshono hakuuponyeshi, unaupelekea tu vijidudu vya mikononi.

Kitu ambacho wengi tunakichanganya ni kwamba hapo kifuani una vidonda viwili. Juu kuna ngozi, chini yake kuna mfupa wa kidari ambao umepasuliwa katikati kwa msumeno halafu ukafungwa kwa waya za chuma, mara nyingi sita hadi nane hivi, na hizo kwa kawaida zinabaki humo moja kwa moja. Ngozi ikienda vizuri inafunga ndani ya wiki mbili tatu. Mfupa unataka wiki sita hadi nane ndo uanze kushikana vizuri, na miezi mitatu au zaidi mpaka uwe imara. Kwa hiyo kuna kipindi kibaya sana, wiki ya nne ya tano, nje unapendeza, maumivu yamepungua, watu wanakusifia umepona haraka, na wewe unaanza kusogeza kochi wakati mfupa ndani bado umeshikiliwa na waya tu.

Vitu vitakavyokutisha bure

Kinundu juu kabisa ya mshono, chini ya koo. Karibu kila niliyeongea naye alikua nacho, kinapungua chenyewe kwa wiki au miezi. Ganzi au hisia kama ya kuungua upande wa kushoto wa kifua, hii hasa kama ulifanyiwa baipasi (kuipitishia damu njia mpya pembeni ya mshipa wa moyo ulioziba) na wakachukua mshipa wa ndani ya kifua kutengenezea njia hiyo, maana neva za pale zinaguswa, inaweza kukaa miezi. Kuwasha, yani kuwasha mpaka unatamani kujikuna na uma, hiyo ni ngozi inafunga, piga kofi dogo pembeni lakini usikune. Kigaga kiache kidondoke chenyewe. Ukiona uzi umechomoza kama nywele ngumu mwishoni mwa mshono usiuvute, watakukatia kliniki. Matobo yale ya mipira ya kutolea maji, chini ya mshono, huwa yanachelewa kufunga kuliko mshono wenyewe na yanaacha makovu ya duara.

Na majimaji je? Matone machache, maangavu au ya pinki, yasiyo na harufu, yanayopungua siku hadi siku, mara nyingi sio tatizo, ila waambie tu kliniki wajue. Changu kilikauka baada ya siku nne. Neno la kushika hapo ni kupungua. Kifua kilichokua kikavu wiki nzima halafu kikaanza kutoa maji upya, hata yawe maangavu kiasi gani, hicho kinaenda kuonwa.

Kuuosha

Wengi wanaogopa maji kabisa, wanakaa wiki mbili wanajipangusa tu na kitambaa. Wakikuruhusu kuoga, oga kila siku, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, ipitishe kwa kiganja bila kusugua, suuza, halafu kausha kwa kugandamiza taulo safi kidogo kidogo. Taulo la mshono liwe lako peke yako. Bomba la juu lisikupige moja kwa moja kifuani. Ila kujiloweka, beseni kubwa, bwawa la kuogelea, ziwa, bahari, sahau mpaka kila sehemu iwe imefunga na daktari amesema sawa.

Usipake kitu. Najua kila mgeni atakayekuja kukuona ana dawa yake, mmoja mafuta, mwingine unga wa majani, mwingine asali, na wote wana ndugu aliyepona nayo. Washukuru, pokea, weka kabatini. Hata poda na losheni ya kawaida hazitakiwi juu ya mshono ambao haujafunga. Spiriti na dawa kali za kuulia vijidudu nazo kuzimwaga kila siku kwenye kidonda kisafi zinachoma ngozi changa na kuchelewesha mambo.

Kina mama wenye matiti makubwa wana shida yao ambayo haisemwi vya kutosha, titi likining'inia linavuta mshono kwa pembeni mchana na usiku, hasa sehemu ya chini ambako ndo mara nyingi hufumuka. Sidiria laini ya kufungia mbele, isiyo na waya, ivaliwe hata wakati wa kulala wiki za mwanzo, na ule mkunjo chini ya titi uwe mkavu muda wote.

Mguu

Hakuna aliyeniandaa kuhusu mguu. Kama walichukua mshipa mguuni wa kutengenezea baipasi basi utashangaa mguu unauma na kuvimba kuliko kifua. Ukikaa unyanyue juu ya mto, usipishanishe miguu, tembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ukivimba kidogo jioni na kupungua asubuhi ni kawaida. Ukivimba ghafla, ukawa mgumu nyuma ya goti au kwenye kigimbi, una maumivu na joto, usisubiri asubuhi, inaweza kua damu imeganda.

Kuulinda mfupa

Kohoa. Najua inauma ila kohoa, makohozi yakibaki kifuani yanaleta nimonia. Kumbatia mto au taulo lililokunjwa, libane kifuani kwa mikono yote miwili, ndo ukohoe au upige chafya. Mi nilikua natembea na mto nyumba nzima kama mtoto na mdoli wake. Kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, halafu inuka ukiwa umekumbatia huo mto, usijivute kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa kitanda. Kwenye kiti sogea mbele, inuka kwa mapaja.

Kuhusu kunyanyua, sehemu nyingi wanasema usizidishe kilo nne au tano kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Siku hizi wapo wanaokazia zaidi viwiko kuliko kilo, yani ukifanya kitu chochote viwiko vibaki karibu na mbavu, hapo mfupa hauvutwi sana. Fuata walichokuambia wao maana wanajua mfupa wako ulivyokua siku ile. Choo kigumu nacho ni mzigo, kujikamua kunabana kifua chote, na dawa nyingi za maumivu zinafunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha mapema usisubiri siku ya nne ukiwa unatoka jasho chooni.

Halafu jifunze hii. Weka kiganja katikati ya kidari taratibu, kohoa kidogo au geuza bega. Ukisikia kitu kinacheza, kinasagana au kinapiga "tk" ndani, mfupa wenyewe na sio bega wala mbavu, hiyo ni ya kupiga simu siku hiyohiyo hata kama ngozi ni safi na huna homa. Usirudierudie kujaribu ili uhakikishe. Mara moja inatosha.

Mambo ya ndani yanayochelewesha kidonda

Sukari ndo ya kwanza. Sukari ikiwa juu, chembe za kinga zinakua legevu na vijidudu vinafurahi, na operesheni yenyewe inaweza kuipandisha hata kwa mtu ambaye hakujua ana kisukari. Pima, andika, wapelekee namba. Sigara inabana mishipa midogo ambayo ndo inaleta damu kwenye mshono, hapo sina la kubembeleza. Chakula, hamu haitakuwepo wiki za mwanzo, kila kitu kina ladha kama ya chuma, lakini mwili unajenga ngozi na mfupa kwa protini, kwa hiyo kula kidogo kidogo mara nyingi, mayai, maharage, samaki, nyama, chochote kinachopita, ila kama una ugonjwa wa figo uliza kwanza kiasi.

Lini usisubiri

Maelekezo mengi yanasema angalia wekundu. Sasa kama ngozi yako ni nyeusi unaweza kuusubiri huo wekundu mpaka mwezi uishe. Angalia ngozi iliyokua nyeusi zaidi ya jirani yake au yenye rangi ya zambarau, inayong'aa kwa kuvutika, iliyo ngumu ukigusa, na tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la pembeni ya mshono na la bega. Mkono unagundua kabla ya jicho.

Piga simu siku hiyohiyo ukiona usaha, majimaji mazito au yenye harufu, kingo za mshono zinaachana, maumivu yaliyokua yanapungua yameanza kupanda tena, joto la 38 au zaidi, baridi na kutetemeka. Na kuna ile inayojificha, maambukizi ya chini kwenye mfupa, nje hamna kitu, ila mtu amechoka kupita kiasi, homa inakuja na kuondoka, kidari kinauma ndani. Mara nyingi inajitokeza ndani ya wiki chache za mwanzo ila inaweza kuchelewa hata zaidi, kwa hiyo usijiambie "mbona mwezi ushapita". Kushindwa kupumua, maumivu makali ya kifua, damu nyekundu inayotoka na haikomi, kuzimia, hizo sio za kupiga simu kliniki, ni dharura, nenda.

Na tafadhali usinywe antibayotiki zilizobaki za mtu mwingine eti utangulize. Wakija kuchukua kipimo cha usaha vijidudu vinakua vimepungua tu havijaisha, hawajui dawa gani inavifaa, unakua umewafunga macho madaktari wako. Ukikutwa na tatizo kweli, lipo la kufanya, wakati mwingine ni vidonge tu na kusafisha, wakati mwingine wanakuwekea sponji na mashine inayofyonza uchafu, wakati mwingine unarudishwa chumba cha upasuaji. Aliyewahi anatoka na lile la kwanza.

Kovu

Mshono ukishafunga kabisa, pande zote, ndo unaweza kuanza mambo ya urembo. Kifua ni moja ya sehemu zinazopenda sana kuota keloidi, hasa kwa ngozi nyeusi au kama kwenu zipo. Ukiona kovu linanyanyuka na kutoka nje ya mstari wake, linawasha, usisubiri liwe kamba, zipo plasta na jeli za silikoni na zipo sindano za kulishusha, na zinafanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo. Jua lisilipige mwaka wa kwanza, lifunike kwa shati, maana kovu changa likichomwa na jua linabaki jeusi. Waya za ndani mara nyingi hazipigi kelele kwenye mashine za uwanja wa ndege, niliuliza hilo kabla ya kuuliza lini naweza kuendesha gari. Kuendesha ni wiki sita hadi nane kwa wengi, daktari ndo aseme, na hata ukiwa abiria mkanda unafunga, weka taulo dogo kati yake na mshono.