Namna ya Kukadiria Umri wa Picha ya Kale kwa Kuzisoma Ndevu

Anayekabidhiwa picha ya zamani isiyo na tarehe wala jina kwa kawaida huanza kutazama nguo. Hakosei, ila nguo huazimwa, na ndevu haziazimwi. Maelezo yafuatayo yanahusu picha za wanaume wa Ulaya na Marekani zilizopigwa kati ya 1840 na 1920 hivi, zikiwemo zile za maofisa na wamisionari zilizobaki katika makabati ya huku kwetu.

Kwanza kaa karibu na dirisha, shika kioo cha kukuzia, na uandike nywele zimeota wapi na zimenyolewa wapi. Usiridhike kuandika kwamba mtu "ana ndevu". Kiswahili kinatupa maneno ya kutosha: masharubu ni ya juu ya mdomo, sharafa hushuka kutoka masikioni kupitia mashavuni, na ndevu hasa ni za kidevuni, ingawa neno hilo hubebeshwa zote. Mtu mwenye sharafa nene zilizoungana na masharubu, huku kidevu kimenyolewa kikawa cheupe, amefuata mtindo wa Ambrose Burnside, jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, ambaye Kiingereza kililipindua jina lake kikapata jina la sharafa, "sideburns".

Pili, kumbuka kwamba nywele za usoni hukwambia picha haikuweza kupigwa kabla ya lini. Ni mara chache hukwambia iliisha kupigwa lini. Mfano mzuri ni Abraham Lincoln. Tarehe 15 Oktoba 1860 msichana wa miaka 11, Grace Bedell, alimwandikia barua kutoka Westfield, jimbo la New York, akimshauri afuge ndevu kwa kuwa uso wake ni mwembamba mno. Katika picha aliyopigwa Chicago tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, ndevu changa zinaonekana kidevuni kama kivuli. Kwa hiyo picha yake yoyote yenye ndevu ni ya baada ya uchaguzi wa mwezi huo, na kama ukimkuta na masharubu, basi mtu amechezea picha, maana mdomo wa juu aliendelea kuunyoa hadi alipouawa 1865.

Kwa Waingereza, mpaka wa kuukariri ni Vita vya Crimea, 1853 hadi 1856. Katika picha za miaka ya 1840 raia wa heshima mara nyingi ana sharafa na kidevu safi, na masharubu yalinasibishwa zaidi na askari wa farasi. Askari wa Crimea waliokaa kwenye baridi kali bila nafasi ya kunyoa walirudi na ndevu zilizojaa, wakapokewa kama mashujaa, na mtindo ambao tayari ulikuwa umeanza kuchomoza ukashika kwa makarani, wachungaji na wenye viwanda. Jeshi la majini liliruhusu ndevu mwaka 1869 kwa sharti moja: ufuge zote pamoja na masharubu, au unyoe zote. Baharia mwenye masharubu peke yake, basi, mtafute katika jeshi la nchi nyingine.

Picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zina alama yake: masharubu yaliyopakwa nta na ncha zake kusimama wima, kama ya Kaiser Wilhelm II, aliyetawala kuanzia 1888 hadi 1918. Walioyafuga walilala wameyafunga kwa kitambaa ili yasilegee, na ukitazama kwa kioo utaona ncha zile zimenyooka mno kuliko nywele zinavyoota zenyewe.

Mwisho wa zama hizo unajulikana kwa tarehe. Jeshi la Uingereza lilikuwa limewakataza askari wake kunyoa mdomo wa juu, na amri hiyo ilifutwa Oktoba 1916. Wengi hudai gesi ya sumu ya Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoyaondoa masharubu, lakini kinachozuia barakoa ya kujikinga nayo isikae vizuri ni ndevu za kidevuni na mashavuni; masharubu madogo hubaki ndani yake bila taabu. Nionavyo mimi, wembe wa kubadilisha makali ulifanya kazi kubwa zaidi. King C. Gillette aliuza 51 tu mwaka 1903, mwaka uliofuata akauza zaidi ya 90,000, na Marekani ilipoingia vitani serikali yake ikaagiza takriban milioni 3.5 kwa ajili ya askari.

Sasa tahadhari, ambayo niliilipia. Niliwahi kuipa picha ya familia moja muongo wa 1870 kwa kumtazama babu aliyekaa katikati, ndevu zimemfika kifuani. Kijana wa kama miaka ishirini na mitano aliyesimama nyuma yake hakuwa na hata unywele mmoja usoni, na nilipoigeuza kadi nikakuta muhuri wa posta wa 1911. Mzee hubaki na mtindo wa ujana wake. Anayefuata wakati ni kijana, hivyo mtazame yeye kwanza.

Pia kuna nyuso ambazo njia hii haizifai kabisa. Ndevu za Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, hazikwambii mwaka, kwa kuwa Mwislamu hufuga ndevu na kupunguza masharubu kwa kufuata sunna. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika maeneo ya Maziwa Makuu mwishoni mwa miaka ya 1870, nao walifuga ndevu hata pale wenzao wa Ulaya walipokuwa wamekwisha nyoa. Hapo rudi kwenye kanzu, majengo na aina ya karatasi.

Ukimaliza, andika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, na uandike kipindi badala ya mwaka mmoja: "baada ya Oktoba 1916", kwa mfano, kwa askari wa Uingereza, pamoja na neno moja la sababu, "mdomo umenyolewa", ili atakayeipokea baada yako aweze kukupinga.