Snea inayolia "ngiiing": anza na ufunguo, si selotepu

Mimi napiga drams kanisani, na snea yetu (ile ngoma yenye nyuzi za chuma chini yake) ya inchi 14 ina mwili wa chuma, kwa hiyo kelele naijua. Zamani, ili isivume, nilikuwa naijaza selotepu mpaka ikalia kama boksi la viatu. Kosa.

Kwanza sikiliza ngozi. Bonyeza kidole katikati kidogo tu, kisha gonga kwa fimbo karibu na kila skrubu, kama sentimita 3 kutoka ukingoni. Skrubu moja ikitoa sauti ya juu kuliko wenzake, hapo ndipo mvumo mwingi unapoanzia. Ilegeze kwa ufunguo wa drams, halafu ipandishe polepole hadi ifanane na nyingine. Ukikaza, kaza kwa kuvuka, ya huku kisha ya ng'ambo, usizunguke kama saa. Usiisahau ngozi ya chini. Iwe imekazwa kuliko ya juu.

Bado inavuma? Chukua ngozi kuukuu ya ukubwa uleule, kata pete ya upana wa sentimita 2 na nusu kutoka sehemu yake bapa, ilaze juu ya snea. Bure kabisa. Ringo Starr, mpiga drams wa bendi ya Beatles, alifunika ngoma zake kwa taulo za jikoni studioni. Mimi kwenye mazoezi huweka pochi yangu, ambayo kwa bahati mbaya ni nyepesi.

Kabla hujaongeza chochote, mwombe mwenzako apige nawe usimame nyuma ya ukumbi. Gitaa na kinanda vikiingia, mvumo mwingi humezwa.