Bibi ana saratani na anataka kuoga mwenyewe: mpangie hivi

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo huku Moshi, yaani namsaidia mgonjwa afanye tena kazi zake za kila siku; nazungukia wazee wenye saratani majumbani. Nikishatoa shikamoo, siulizi uvimbe uko wapi. Hayo yapo kwenye faili. Nauliza ni kazi gani imemshinda na inamuuma moyo. Bibi mmoja alinijibu bila kusita: kuchambua maharage, na kuogeshwa na mkwe. Basi tukaanzia hapo. Nanyi anzieni kwenye jibu la mzee wenu, hata kama nyie mngechagua lingine.

Bafuni weka kiti cha plastiki chenye mikono, kisichoyumba. Ndoo ikae juu ya stuli ili asiiname. Kopo liwe dogo, lenye mpini. La lita nzima linamchosha kabla hajafika mabegani. Sabuni itie ndani ya soksi, uifunge kwenye mkono wa kiti, isije ikamteleza akaifuata chini. Akimaliza, mpe khanga mbili ajifunike, akae hapo hapo maji yanyonywe yenyewe, kwa sababu kujifuta mgongo kunamaliza pumzi kuliko kuoga kwenyewe. Mkwe asimame nje, mlango usitiwe komeo. Heshima imebaki, na msaada uko karibu.

Baadhi ya dawa za kemo, zile za kuua saratani, huacha ganzi vidoleni na nyayoni. Mwenye ganzi asipime maji ya moto kwa vidole vyake, apimiwe. Kandambili ziacheni: humtoka mguuni asijue. Mtafutie viatu vinavyoshika kisigino, na kila jioni mtu amwangalie nyayo kama kuna kidonda.

Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala, na kumlaza kutwa kunamnyong'onyeza misuli. Jueni saa yake ya nguvu, mara nyingi ni asubuhi, na hapo awekewe jambo moja analolipenda. Siku ya kanisani, kuoga kufanyike jana yake jioni. Kama anatumia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, mwombeni muuguzi awaelekeze saa za dozi ili kuoga kuangukie wakati dawa imeshika.

Maharage? Yamwagwe kwenye sinia, mezani. Kigoda hapana. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zifike sakafuni, viwiko viegemee meza. Bakuli moja, apumzike, akitaka aendelee. Na asitokee mtu wa kuyachambua upya mbele yake! Jiwe moja kwenye mboga halijaua mtu.

Ikiwa saratani imefika mifupani, msimnyanyue kwa kumvuta mikono wala kwapa. Ulizeni kwanza daktari aina gani ya kazi inaruhusiwa. Akianza maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea, au mkojo ukamtoka au kuziba, acheni haya yote, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.