Usambara si ya waja leo waondoka leo: somo la kupanda mlimani kutoka Tanga

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile: wapi pana baridi, pana maji, pana pa kutembea, na nauli yake haikaushi mfuko? Watu wa Tanga tunawaza Unguja, tunawaza Arusha, ilhali ukifika Muheza tu mlima umekusimamia mbele. Naandika somo hili kwa wenzangu wa pwani ambao Usambara wameiona dirishani mwa basi maisha yao yote na hawajawahi kulala juu yake.

Nasema kulala kwa makusudi. Ukipanda asubuhi na kushuka jioni, utakachokumbuka ni kona za barabara. Ukungu wa alfajiri, usiku wa kujifunika mablanketi mawili, mbega wakiruka matawi kabla jua halijapanda, vyote hivyo ni vya aliyelala. Masiku mawili ndiyo uchache wangu, na sishushi ila kwa aliyebanwa na kazi.

Hatua ya 1: Chagua mlima mmoja

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Watu husema "Usambara" kama mahali pamoja, kumbe ni safu mbili, na kati yake limelala Bonde la Lwengera. Usambara Mashariki unaiingia kwa Muheza: huko ndiko Amani na Magoroto. Usambara Magharibi unaiingia kwa Mombo: huko ndiko Soni, Lushoto, Mlalo na Mtae. Ukiwa Amani na moyo ukatamani Lushoto, itabidi ushuke mpaka bondeni, upite Korogwe, ufike Mombo, ndipo uanze kupanda upya. Siku nzima imekwenda.

Kwa hiyo jiulize unataka nini. Ukitaka ziwa na utulivu, nenda Magoroto. Ukitaka msitu wa mvua na miti ya ajabu, Amani. Ukitaka mji wa mlimani wenye soko, gesti, misikiti, makanisa na njia za kutembea kila upande, basi ni Lushoto. Mwenye siku mbili achague mahali pamoja tu. Mwenye wiki anaweza kuchanganya.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Masika, yaani Machi hadi Mei, msitu unapendeza lakini njia za udongo zinateleza, na mvua ikizidi mawe na udongo huporomoka barabarani. Juni hadi Agosti ni kavu zaidi na baridi kali, hasa Lushoto ulioko kwenye mita 1,400 hivi. Kuelekea mwisho wa mwaka kuna vuli, lakini ndio wakati plamsi zinaanza kujaa sokoni, na mimi kwa plamsi za Lushoto niko tayari kulowa. Septemba na Oktoba mapema ndiyo miezi ninayompendekezea mgeni wa mara ya kwanza.

Hatua ya 3: Begi

Sweta nzito na koti la mvua. Viatu vyenye meno chini, kwa sababu raba laini zinakuangusha kwenye majani mabichi. Soksi ndefu za kuchomekea suruali: siafu wa msituni hawana adabu kwa mgeni. Tochi. Dawa zako. Kitambulisho, maana kwenye hifadhi za misitu Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na bila kitambulisho huna hoja. Amani na Magamba zote ziko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa kumpa mtu noti mkononi.

Hatua ya 4: Ukichagua Mashariki

Kutoka stendi ya Kange, hapa Tanga, magari ya Muheza hayakosekani. Magoroto ni shamba la tangu enzi ya Mjerumani, lililopandwa michikichi, na ndani yake kuna ziwa dogo lililozungukwa na miti mirefu. Watu hupiga mahema kando ya maji. Unaweza kupiga kafi asubuhi maji yakiwa yametulia, ukatembea msituni mchana, ukakaa kimya jioni. Barabara ya kupandia ni ya vumbi na mwinuko mkali, hivyo weka miadi ya mahali pa kulala kabla hujaondoka na upande mchana kweupe.

Amani ina historia nzito zaidi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia, na mingi bado imesimama. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Lango la wageni liko Sigi, palipokuwa na stesheni ya reli ndogo ya wakati huo. Njiani utapita mashamba ya chai, utasikia harufu ya iliki na mdalasini.

Uwapo msituni, muulize mwongoza njia akuonyeshe ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu karibu na vijito. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku kwetu, alilituma Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo watu wa nchi za baridi wanaliotesha kwenye vyungu madirishani, na asili yake ni hapa. Litazame, lipige picha, usiling'oe. Makazi yake ya asili ni madogo na yanazidi kupungua kadiri miti ya kivuli inavyokatwa. Hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Hatua ya 5: Ukichagua Magharibi

Kutoka Kange kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto, na mengi huondoka asubuhi. Ukilikosa, panda la kuelekea Moshi au Arusha, shuka Mombo, kisha chukua gari la mlimani. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, kona juu ya kona, mto ukiwa bondeni. Kaa mbele kama unachefuka. Soni iko karibu katikati, na maporomoko yake unayaona ukiwa njiani.

Siku ya kwanza usijichoshe. Tafuta gesti, uliza kama kuna maji ya moto na blanketi la ziada, kisha zunguka mji. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na wakaufanya mahali pa kulikimbia joto la pwani. Baadhi ya majengo yao bado yako. Ingia sokoni: peasi, plamsi, karoti, kabichi, viazi vilivyotoka shambani asubuhi ile.

Siku ya pili amka mapema uende Irente kwa miguu. Ni mwendo wa kilomita tano au sita kupita mashamba na nyumba za watu, na ukiamkia wazee kwa shikamoo utaonyeshwa njia bila kuombwa kitu. Ghafla ardhi inakatika. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge, reli, barabara kuu, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Usisimame ukingoni kabisa kwa ajili ya picha. Mawe yanateleza kwa ukungu na uzio haupo kila mahali. Ukirudi, pita Irente Farm ule mkate wao, jibini na jemu.

Siku ya tatu ni ya Msitu wa Magamba. Mbega weusi kwa weupe wako juu, kima chini kidogo, na ndege ambao wengine hawapatikani nje ya milima hii. Usiku, kwa tochi, vinyonga huonekana kirahisi kwa sababu wanapolala kwenye ncha za matawi rangi yao hupauka. Mchana unaweza kumpita kumi bila kujua.

Wenye miguu migumu waendelee: Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi, hadi Mtae, unalala vijijini njiani. Rangwi kuna masista wanaopokea wageni. Mtae imekaa ukingoni mwa mlima, na chini yake ni tambarare za Mkomazi. Kwa safari hii usiende bila mwongoza njia.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama wa watoto wawili, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Wanangu wana miaka sita na tisa. Niwapeleke wapi?

Marahaba, mama. Lushoto. Irente wataifika kwa miguu mkienda polepole, au mpande bodaboda au teksi kwenda na mrudi kwa miguu. Kule kwenye ukingo washike mikono, usiwaachie hata kidogo. Na usiwavalishe nguo za Tanga, jioni watatetemeka.

Kijana, Ngamiani: Kaka, natoka kazini Ijumaa jioni, Jumatatu kazini tena. Magoroto na Lushoto zote haziwezekani kweli?

Unaweza kuzifikia zote, lakini utakuwa umelipa nauli ili ukae kwenye kiti cha gari. Ijumaa lala Muheza, Jumamosi panda Magoroto asubuhi kukiwa kumekucha, ulale kando ya ziwa, Jumapili mchana shuka. Lushoto itakusubiri.

Wa Sahare: Sisi tumezaliwa baharini. Ziwani si tunaogelea tu?

Ndugu yangu, hapo ndipo waogeleaji wazuri wanapozama. Maji ya chumvi hukuinua. Maji baridi hayakusaidii hivyo. Chini kuna tope na mizizi, na hakuna kupwa kukuonyesha. Vaa jaketi la kujiokolea kwenye mtumbwi, usiingie majini peke yako, na sikiliza wahudumu wa pale.

Wa Mabawa, mwenye gari dogo: Mombo mpaka Lushoto nitapanda?

Utapanda vizuri, ni lami. Hofu yangu ni kushuka. Tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo mpaka zipate moto, na piga honi kwenye kona kali. Magoroto na Amani kwa gari la chini wakati wa mvua, hapana.

Wa Makorora: Mimi mtoto wa Korogwe. Kwa nini nimlipe mtu anionyeshe mlima wetu?

Irente na sokoni usimlipe mtu. Msituni ni jambo jingine. Njia zinagawanyika chini ya miti na ukungu ukishuka huoni hatua kumi. Na huyo kijana wa Magamba anayekuongoza, akiona kwamba mbega aliye hai ndiye anayempatia mwanawe chakula, atakuwa wa kwanza kumzuia mwenye msumeno. Pesa hiyo naitoa kwa moyo mweupe. Patana bei kabla ya kuondoka, na uhakikishe ametoka kwenye ofisi inayojulikana.

Dada wa Usagara: Chakula cha halali kinapatikana? Na swala?

Bila shida yoyote, dada. Waislamu ni wengi Lushoto na misikiti ipo mjini. Wali, maharage, nyama, chapati, na mboga mbichi kuliko tunazozipata huku.

Wa Bagamoyo: Mimi niko Bagamoyo. Lazima nirudi Dar nikapande basi Mbezi?

Huna haja. Chukua barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, hapo unakutana na barabara kuu itokayo Chalinze. Kama ni Lushoto, subiri basi la Lushoto, au la Moshi au Arusha ushukie Mombo. Kama ni Muheza, panda la Tanga. Likifika Segera linakata kulia. Ondoka Bagamoyo mapema ili saa tano asubuhi uwe umeshapita Msata, maana gari la mwisho la mlimani halimngoji mtu.