Kabla ya kupandisha ukurasa, jaribu jina lenye M'

Kama unatengeneza ukurasa wa kuandikisha wanafunzi hapa Bukavu kwa PHP, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti kwenye seva, jina la kwanza la kujaribia lisiwe Furaha wala Amani. Chukua jina la msichana wa Kishi linaloanza na M'. Hiyo ritifaa, ile ile ya ng'ombe, ndiyo itakayokuonyesha kama kiolezo chako, yaani faili linalounda ukurasa, kiko salama.

Nilijifunza kwa aibu. Katika fomu niliandika value='<?= $jina ?>'. Alama <?= humaanisha "chapisha thamani hii hapa", na PHP ikachapisha bila kosa. Ila kivinjari kilipofika kwenye ritifaa ya jina kilidhani value imefungwa, kikaacha M peke yake kwenye kisanduku. Sekretari wa shule alikuwa anabadilisha namba ya simu ya mzazi tu. Akabonyeza hifadhi, mtoto akabaki anaitwa M.

Dawa yake ni <?= htmlspecialchars($jina, ENT_QUOTES) ?>. Hiyo hugeuza ritifaa kuwa maandishi ambayo kivinjari hakiwezi kudhani ni alama ya kufunga. Usiache hilo neno la pili, ENT_QUOTES, ukitegemea mazoea: kabla ya PHP 8.1 ya mwaka 2021, bila hilo ritifaa ilipita ilivyo. Ulinzi huo huo humzuia mtu anayejaza <script> mahali pa jina, kwa hiyo uweke kila panapochapishwa kitu kilichoandikwa na mtumiaji.

Angalia pia milango yako, yaani alama za kufungulia PHP. <?php $jina ?> haichapishi chochote, inakosa echo, amri ya kuchapisha. <?= inafanya kazi popote tangu PHP 5.4, lakini <? tupu inategemea mpangilio wa seva. Kwenye laptop yako inaweza kukubali, kwenye seva uliyokodi ikakataa, na msimbo ukatumwa kwa mgeni kama ulivyo. Akifungua chanzo cha ukurasa anausoma wote, pamoja na neno la siri la hifadhidata kama uliliweka humo. Kwa hiyo jaribu kwenye seva yenyewe, umeme ukiwepo.

Waliotoka kwenye JSP, kurasa za aina hii zinazotumia Java: <%= jina; %> inagoma kwa sababu ya nukta-mkato, maana Java huitumbukiza yote ndani ya out.print(). PHP haijali.

Na ukitoa orodha ya CSV, faili lenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, kumbuka PHP humeza mstari mpya unaofuata ?> papo hapo. Wanafunzi wawili wakishikana mstari mmoja, acha mstari mtupu baada ya alama hiyo.