Unaenda BTP (mazoezi ya ualimu) kufundisha Kiingereza sekondari? Jitayarishe hivi kabla hujashika chaki

Assalaam alaykum wadogo zangu. Nnafundisha Kiingereza sekondari hapa Wete na kila ikifika msimu wa BTP tunaletewa vijana wawili watatu tukae nao, na suala la kwanza wananiuliza karibu wote ni hili, mwalimu, supavaiza akija anaangalia nini? Nawajibu, manake na wao wana haki ya kujua, lakini supavaiza atakuja siku mbili tatu na wale watoto unao kila siku, na wao mtihani wao haungoji wewe ujifunze kazi. Kwa hiyo leo naandika vile mimi ninavyompima kijana kama yuko tayari, ili uanze kujitayarisha sasa hivi ukiwa bado chuoni, uwe unasoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kule Nkrumah au Benjamin Mkapa hapa Mchangamdogo.

Kipimo changu ni kimoja. Nakupa daftari la mtoto wa fomu wani, nakuonesha sentensi mbovu, nakuuliza: hii imetoka wapi? Sikuulizi sahihi yake ni ipi, hiyo hata simu itakwambia. Nataka uniambie mtoto alikuwa anafikiri nini alipoiandika.

Chukua hii: "I wake up at eleven in the morning and I pray." Mwalimu mgeni anaweka alama ya kosa au anamwambia mtoto mvivu huyu, anaamka saa tano. Lakini yule mtoto kaamka alfajiri, saa kumi na moja, kasali, kenda chuo cha Kurani, na saa zake kazihesabu vile tunavyohesabu sote. Kiingereza chake hapo hakina kosa hata moja, kosa liko kwenye saa. Sasa ukilijua hilo unatumia dakika tano, unachora saa ubaoni, unawaonesha kwamba kwetu saa zinahesabiwa kuanzia jua likichomoza na likitua, na kwao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, tofauti ni masaa sita basi, kumi na moja inakuwa "five". Darasa zima linapona. Usipolijua utapiga mstari mwekundu kila wiki mpaka wanamaliza fomu foo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na ifanye ukiwa chuoni: nunua daftari moja, kila sentensi mbovu unayoisikia au kuisoma iandike, pembeni andika Kiswahili kilicho chini yake. Nikuanzishie zangu.

"My mother he sells octopus." Hapa makosa ni mawili kwa mpigo. Yeye ya Kiswahili haina mke wala mume, na kitenzi chetu hakiwezi kukaa bila ya kiambishi, mama yangu Anauza, kwa hiyo mtoto anatafuta mahali pa kuiweka ile "a" yake na anaiweka kwenye "he". 

"I hear a good smell of cloves." Nasikia harufu nzuri ya karafuu, na sisi Pemba msimu ukifika kweli tunaisikia njia nzima.

"He has slept", anakusudia amelala, yuko usingizini sasa hivi. Hii "me" yetu inawatesa sana kwa sababu mara inakwenda na "have", nimeandika barua, na mara inaeleza hali ya mtu alivyo sasa, amelala, ameshiba, amevaa, amechoka, na huko Kiingereza kinataka "is". Usiwafundishe kwa kanuni ya jumla kwamba "me" ni "have" halafu ukaondoka, utakuwa umewapandia magugu mwenyewe.

"I leave in Wete." Huyu hajaondoka, anakaa. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "live" na "leave" masikioni mwake ni kitu kimoja, na anaandika anachokisikia. Vile vile "hat", "hut" na "heart", zote kwake ni hati.

Ukifikisha mifano hamsini ya namna hiyo basi wewe nshakupasisha nusu ya kazi, na nasema kweli.

Nusu nyengine ya hilo ni Kiingereza chako mwenyewe. Jirekodi kwa simu dakika tatu unaelezea kitu, tuseme njia ya kutoka kwenu mpaka sokoni, halafu sikiliza ukiwa na kalamu, utasikia unapojikwaa. Fanya hivyo kila wiki. Vijana wengi wanakuja na sarufi safi ya kwenye mtihani lakini maneno ya darasani hawana, hajui aseme nini kumwambia mtoto akunje karatasi mara mbili, apeane daftari na mwenzake, asogeze dawati, afute mstari wa mwisho tu. Hayo ndiyo utakayoyasema mara elfu, yaandike, yaseme kwa sauti chumbani kwako dakhalia mpaka yatoke bila kufikiri. Kwa sababu ukikwama hapo unarudi Kiswahili, na mtoto akishaona mwalimu karudi na yeye anarudi.

Sisemi Kiswahili kiwe haramu darasani, hapana, mimi mwenyewe nakitumia. Ile ya saa naielezea kwa Kiswahili na ile ya amelala pia, kwa sababu ukitaka kulinganisha lugha mbili lazima zote mbili ziwepo. Ila kieleze, dakika mbili, ufunge, urudi. Kinachoua ni kutafsiri kila sentensi unayoisema, kwa sababu mtoto anajua atasubiri tu, Kiswahili kinakuja nyuma.

Wenzetu Marekani wana baraza la walimu wa Kiingereza linaitwa NCTE, lilianzishwa Chicago 1911, na wameandika vigezo vya kumtayarisha mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Vile vya 2021 ni mafungu matano: kumjua mwanafunzi, kulijua somo, kupanga, kufundisha kwenyewe, na wajibu wa mwalimu kwenye kazi yake. Vizuri na vinafaa kusomwa, na mimi nilipenda kwamba wamemuweka mwanafunzi mwanzo kabla ya somo. Lakini ukivisoma kumbuka vimeandikiwa nchi ambayo watoto wengi Kiingereza wanakizungumza nyumbani. Mwanafunzi wangu anazungumza Kipemba kwao, Kiswahili cha vitabu kakikuta skuli, Kiarabu anakisoma chuo cha Kurani tangu mdogo, halafu ndio Kiingereza. Na akiingia sekondari anakikuta kwenye baolojia, kwenye jiografia, kwenye hesabu, masomo karibu yote, kwa hiyo wewe ukimfundisha vibaya unamuangusha mpaka kwa mwalimu wa kemia.

Sasa hapo kwenye kumjua mwanafunzi ndipo nataka mkae kidogo, khasa nyinyi mtakaokuja Pemba. Huyu mtoto chuoni kwa ustadhi amekaa miaka anasahihishwa matamshi. Ustadhi anasoma, yeye anafuata, akikosea herufi anarudishwa pale pale, ulimi uweke hapa, tena, tena. Haoni aibu, ndivyo kusoma kulivyo. Na ile "th" inayowasumbua watu sehemu nyingi duniani yeye anayo mdomoni tayari, ya "think" ni ile ya thelathini, ya "this" ni ile ya dhahabu. Mwambie hivyo siku ya kwanza! Mwambie wewe una sauti ambazo wengine wanahangaika nazo. Halafu tumia mtindo ule ule wa chuoni kwa "live" na "leave": sema, wafuate, sikiliza mmoja mmoja, mrudishe kwa upole. Nimewaona vijana wanaogopa kusahihisha matamshi kwa sababu waliambiwa mtoto atavunjika moyo, na kwengine labda ni kweli, lakini huku kwetu kinachowavunja moyo ni kuchekwa. Zuia kicheko, sahihisha utakavyo.

Kwenye andalio la somo sina mengi, fomu mtapewa na mtafundishwa kujaza. Ila fanya hesabu hii kabla ya kila kipindi. Kipindi dakika 40, darasa tuseme lina watoto 45. Ukizungumza wewe dakika 30 zimebaki kumi, ukiwauliza mmoja mmoja kila mtoto kapata kama sekunde 13, hata salamu haimalizi. Zile zile dakika kumi ukiwapanga wawili wawili, mmoja anauliza mwengine anajibu, kila mmoja anazungumza dakika tano. Kelele zitakuwepo na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia dirishani, muombe radhi mapema, mwambie leo tuna mazungumzo.

Mimi hesabu hiyo hakuna aliyenionesha. Skuli niliyofanyia mazoezi, sitoitaja, nilipewa silabasi na boksi la chaki nikaambiwa haya. Wiki sita nikagawa nota za "present perfect", wamenakili vizuri, hati nzuri, na siku ya mwisho nikamuuliza mtoto mmoja kwa Kiingereza kama ameshakula, akaniangalia tu. Mpaka leo uso wake naukumbuka, ndio maana nakuandikieni haya yote.

Kusahihisha insha sasa. Hapa watu wanachoka na wanachokesha. Insha ya ukurasa mmoja ya fomu tuu inaweza kuwa na makosa ishirini na kitu, ukiyapigia yote mstari daftari linatoka jekundu na mtoto haangalii hata moja, anaangalia alama anafunga. Fanya hivi: soma mara ya kwanza kalamu umeiweka chini, soma kama barua, huyu ananiambia nini. Mara ya pili chagua aina moja ya kosa, au mbili zikizidi, lile linalorudi rudi, na lipigie mstari hilo tu kila lilipo bila kuandika jibu. Yeye ndiye asahihishe, akurudishie. Mwisho andika sentensi moja ya kumjibu alichosema, kama kaandika mama yake anauza pweza muulize bei ya pweza siku hizi. Nakuhakikishia insha ya pili itakuwa ndefu kuliko ya kwanza, kwa sababu kaona kuna mtu anasoma.

Vile vibandiko "a" na "the" viache viwe vya mwisho kabisa. Kiswahili hakina, vinachukua miaka, na mtu anafahamika bila ya hivyo.

Kwenye kusoma hadithi, msiingie na muhtasari ubaoni, wahusika, dhamira, funzo, nakili. Mtihani wa fomu foo unamtaka mtoto aeleze kwa hoja kutoka kitabu alichokisoma, na hawezi kutetea kitabu ambacho kakijua kwa muhtasari tu. Hawa wamekulia kwenye paukwa pakawa, wanajua kungoja hadithi. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, simama mahali patamu, funga kitabu, waulize kitatokea nini na kwa nini unafikiri hivyo. Ile "kwa nini" yao ndiyo hoja yenyewe ya mtihani, na wameitoa bila kujua.

Na mwalimu utakayepangiwa skulini, nenda kamuamkie kabla ya kuanza, usingoje wiki ya kwanza. Kaa nyuma ya darasa lake vipindi viwili uandike anavyoanza, anavyowanyamazisha, nani hazungumzi. Muombe na yeye akae kwako akwambie jambo moja tu la kurekebisha, moja, kesho ulirekebishe aone. Hata akiwa mtindo wake huupendi, watoto ni wake na anawajua majina mpaka wa kwao.

Siku ya kwanza wape karatasi waandike mistari kumi, mimi ni nani, nakaa wapi, asubuhi nafanya nini. Usisahihishe, zikusanye uzifunge pamoja uziweke. Wiki ya mwisho wape suala lile lile. Kisha wagawie zile za mwanzo, kila mtu na yake, na kalamu nyekundu muwape wao.