Andaa haya kabla kinyonga wako hajaugua

Mbwa akiumwa atalia, paka atajificha chini ya kochi. Kinyonga atakaa kwenye kijiti chake vilevile kama jana, mpaka siku anaanguka. Ukimkuta amefumba macho saa sita mchana, hiyo ni dharura tayari, na huenda ameanza kuumwa wiki iliyopita. Maandalizi yafanye leo akiwa mzima.

Anza na kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka umfuge kwa kibali. Toa nakala, iweke pamoja na vifaa vyake, usije ukasita kumpeleka kwa daktari kwa kuogopa maswali.

Nunua mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Mpime kila Jumapili, andika kwenye daftari. Uzito hushuka kabla wewe hujaona kitu.

Kagua choo chake. Ule ute mgumu unaotoka pamoja na mavi ndio mkojo wake: ukiwa mweupe yuko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea au rangi ya chungwa, amekaukiwa. Kinyonga hulamba matone kwenye majani, kisahani cha maji hata hakitambui, kwa hiyo uwe na chupa ya kupulizia. Mpya, siyo ile iliyowahi kubeba dawa ya mende. Akiwa amelegea usimkamulie maji mdomoni kwa bomba la sindano. Yakiingia mapafuni umemmaliza.

Boksi la kumbebea: la viatu linatosha, litoboe matundu, weka taulo na kijiti cha kushikilia. Usimwache kwenye gari lililofungwa hata kama unashuka dukani mara moja. Jua la Februari la Dar mnalijua.

Sasa daktari, na hapa nisikilize vizuri.

Nilikuwa na jike, hawa wa kijani wa huku kwetu wenye mikunjo ya ngozi shingoni. Dume sikuwa naye, kwa hiyo habari ya mayai haikunipitia kichwani kabisa. Kumbe ni kama kuku wa mayai anayetaga bila jogoo: kinyonga jike naye anaweza kubeba mayai bila kuguswa na dume. Alhamisi akashuka chini ya banda, akaanza kuparura kwenye kona. Nilikuwa nimetandika magazeti. Kucha zinakwaruza karatasi, anatulia, anazunguka kona ya pili, anaanza tena. Nikadhani anataka kutoka. Alikuwa anatafuta udongo wa kuchimba, na mimi nimempa magazeti.

Ijumaa akakataa panzi. Jumamosi jioni macho yamezama na miguu haishiki kijiti. Nilipompitishia kidole tumboni niliyahisi yale mayai, moja moja, kama kunde zilizolowekwa.

Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza akaniambia yeye ni wa ng'ombe. Wa pili, wa mbwa, akasema nimlete Jumatatu. Wa tatu akakubali, lakini yuko Mbezi Beach na mimi niko Tabata. Bodaboda alipochungulia ndani ya boksi akarudisha pikipiki nyuma: "Dada, huyo simbebi." Kinyonga hana sumu, lakini usiku ule sikuwa na muda wa kubishana. Tukapata bajaji, tukakwama Ubungo. Daktari alimpokea kwa mikono miwili, akambonyeza taratibu, akaniambia, "Dada, ungemleta jana." Alifia pale mezani saa nne usiku. Tumboni yalikuwemo mayai 37.

Kwa hiyo kama una jike, weka ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo sasa hivi, usisubiri tumbo lijae. Kina kisipungue sentimita 30, unyevu uwe wa kiasi kwamba ukichimba tundu kwa kidole halibomoki. Akianza kuchimba funika banda kwa kanga na uondoke, maana akiona anatazamwa anaweza kuacha. Akihangaika siku nzima bila kutaga, au akilegea, usilale naye nyumbani.

Na daktari umtafute ukiwa umetulia. Muulize waziwazi: umewahi kutibu kinyonga au mjusi? Wikiendi unapatikana? Anayekujibu "mlete tu tutaona" endelea kutafuta. Pata wawili, namba zao ziandike kwenye kifuniko cha boksi, maana simu huisha chaji. Muulize pia kama ana mwenzake wa kumpigia akikwama. Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine ndiko wanakosomea madaktari wengi wa wanyama, hakosi mwalimu wake. Na dereva wa bajaji mzoee mapema, mwonyeshe mnyama siku ya kawaida.

Mengine: usimpe dawa za binadamu, hata robo kidonge. Nyumba ikipuliziwa dawa, mtoe kwanza, na usimlishe mende wa humo. Jua la asubuhi apate la moja kwa moja, la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii mifupa, lakini kivuli kiwepo karibu. Watoto wasimshikeshike, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni. Ukisafiri, mwachie mtu asiyemwogopa, mwonyeshe boksi lilipo, na mpigie jioni umuulize kama macho ya kinyonga yako wazi.